Barua kwa shoga yangu aliyemaliza KLF

Hosteli za Mabibo,
Dar es Salaam.

Shoga yangu mpenzi,

Yale ya "hofu na mashaka ni kwako uliye mbali na upeo wa macho yangu" tuyaruke, maana swali lako limenikera kidogo. Eti umesoma KLF, yaani Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa, miaka miwili, halafu ukifika hapa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, uache Kifaransa uanze Kichina kwa sababu kaka yako kasema ndiko kwenye kazi?

Kaka hajakosea sana. Taasisi ya Confucius ipo hapa chuoni tangu 2013, maktaba mpya tunayosomea imejengwa kwa msaada wa China, na Kariakoo Wachina unawajua mwenyewe. Ninayekaa naye chumba anasoma Kichina. Ukuta wake wote ni karatasi za herufi, na usiku namsikia akipandisha na kushusha toni zile nne mpaka usingizi unanichukua. Lakini yeye anakipenda. Wewe hujaniambia kama unakipenda, umeniambia kaka kasema.

Sasa Kifaransa. Watakwambia Wakongo wanaofuata bidhaa Kariakoo wanajua Kiswahili, na ni kweli: wa Lubumbashi au Bukavu utapiga naye soga bila neno moja la Kifaransa. Ila mzigo wake ukitoka bandarini kwenda kwao, makaratasi ya upande wa pili yanataka Kifaransa: ankara, mikataba, fomu za forodha. Burundi imo Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, Kongo imeingia 2022. Na Arusha pale ipo Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, hukumu zake zinatolewa kwa Kiingereza na Kifaransa. Huko kote anatakiwa mtu wa kuandika na kutafsiri, si wa kusema "bonjour" na kutabasamu.

Na kuandika ndiko kunakotutoa jasho. Imla, shoga, imla! Herufi chungu nzima hazitamkwi, na ukisahau "s" ya wingi, alama imekwenda. Upatanisho wenyewe haututishi sisi tuliokulia kwenye ngeli. Kivumishi kufuata nomino yake ni jambo la nyumbani. Tabu ni kwamba kiti chetu kinajitaja ngeli kwa ile "ki" ya mwanzo, wakati nomino nyingi za Kifaransa hazikuonyeshi jinsia yake usoni. Ndiyo maana siandiki nomino daftarini bila "le" au "la" mbele yake. Halafu ukikutana na Mkongo, sabini na tisini zake ni za Kibelgiji, "septante" na "nonante", si zile "soixante-dix" na "quatre-vingt-dix" za darasani. Jiandae.

Ukichagua Kichina bado nitakuja kukupokea stendi ya Mbezi. Ila sababu iwe yako. Nijibu kabla dirisha la maombi halijafungwa, na ukija nibebee daftari lako la sarufi la kidato cha sita. Langu nimemwazima mtu, naye kimya.

Wasalimie wote hapo nyumbani, mama hasa.

Ni mimi,
Shoga yako wa Mlimani