Anza na gunia moja, Mama Baraka

Umoja, Nairobi
Februari

Kwako Mama Baraka,

Salamu nyingi kutoka kwetu, sisi hatujambo. Nimefurahi mno kusikia mmeshahamia Ruai na mna kiuwanja chenu. Lakini hiyo mipango ya kuku, sungura, sola na tangi kubwa, yote kwa mpigo mmoja, imenitia wasiwasi. Pesa zitakwisha kabla hujala yai hata moja. Anza na kile kinachokutoa shilingi kila jioni.

Kwangu ilikuwa sukuma wiki. Tafuta gunia, changanya udongo na samadi iliyooza vizuri. Chukua kopo kubwa la mafuta ya kupikia, ulikate juu na chini libaki wazi pande zote mbili, ulisimamishe katikati ya gunia na ulijaze kokoto. Zungushia udongo, vuta kopo juu, jaza tena, hivyo hivyo hadi mdomoni. Hiyo nguzo ya kokoto ndiyo inayofikisha maji chini. Bila hiyo juu kunalowa, chini kunabaki kukavu, na miche ya pembeni inanyauka. Toboa matundu ubavuni kwa kupishana, upandikize jioni jua likishapoa. Ukianza kuchuma, toa majani ya chini tu, kilele ukiache. Na uwe unageuza majani: vidukari, wale wadudu wadogo, hukaa kwa chini, na wakiwa wachache maji ya sabuni kidogo yanawatosha. Mimi nimeongeza gunia la managu (mnavu), na Zawadi anayala bila kulazimishwa!

Halafu maji. Unajua jiji linavyotegemea bwawa la Ndakaini, na mgao unavyotutesa. Masika ni Machi, kwa hivyo weka mfereji kwenye paa sasa, hata upande mmoja. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Mita 20 za mraba zikipata mvua ya milimita 10, hizo ni lita 200, pipa zima. Mvua ya kwanza iache ipite, inaosha vumbi na kinyesi cha ndege. Ya pili kinga, ufulie na umwagilie, na pipa ulifunike mbu wasitage humo.

Kuku wasubiri. Kideri, ule ugonjwa wa kuku, kikiingia bandani kinaweza kumaliza wote kwa siku chache, kwa hivyo kabla ya kununua hata kifaranga, ulizia huko ni nani anayechanja na huja lini. Sola pia tutaizungumza, sina haraka nayo.

Jumamosi nakuja na miche ya sukuma. Mwambie Baba Baraka atafute gunia na kokoto, na wewe uulizie samadi kwa majirani wanaofuga ng'ombe, ila iwe kavu na ya zamani; ile mbichi itaunguza mizizi.

Wako,
Mama Zawadi