Safari ya wanafunzi si likizo ya walimu

Mhariri,

Kila shule inapotangaza safari ya nje ya nchi, hakosekani mtu wa kusema walimu wamepata likizo ya bure. Mimi ni mwalimu, nimewahi kuongoza safari ya namna hiyo, na likizo sikuiona.

Kazi huanza miezi mingi kabla. Nchi nyingi hukataa pasipoti iliyobakiza chini ya miezi 6 kabla ya kuisha muda wake, na daima yupo mzazi anayeligundua hilo wiki ya mwisho. Bado barua za ridhaa, bima, orodha ya wenye pumu na mzio. Kwenye uwanja wa ndege, mwalimu unahesabu vichwa hadi unaviota.

Usiku ndio mtihani wenyewe. Vijana wa miaka 15 hawalali ugenini. Mwalimu hukaa koridoni akisikiliza milango. Na tusidanganyane, wasumbufu mara nyingi ni wale wapole wa darasani.

Wakuu wa shule, pelekeni walimu wa kutosha, wa kike na wa kiume, ili mmoja akibaki hospitalini na mgonjwa, wanafunzi wengine wasikose msimamizi. Nanyi wazazi, tupeni namba ya simu inayopokelewa usiku.

Mwalimu wa sekondari