Lori la sementi Jumamosi: tufike mapema

Habari za jioni ndugu zangu, poleni na kazi. Lori la Jumamosi limethibitishwa: tani 30, yaani mifuko 600 ya kilo 50. Tukiwa 12, kila mmoja anahamisha tani mbili na nusu. Naomba tukutane saa 1:00 asubuhi mlangoni mwa ghala, tuanze kushusha 1:30.

1. Mfuko ulio sakafuni unainuliwa na watu wawili. Ulio juu ya lori uvutwe kwanza hadi ukingoni, kisha uukumbatie kifuani. Ukiushika mbali na mwili, kiuno ndicho kinachobeba.

2. Usizungushe kiuno ukiwa na mzigo, geuza miguu. Shida kubwa huwa wakati wa kutua: mtu kachoka, kasimama palepale, anajipinda na kuutupa pembeni.

3. Matoroli yapo 3, mifuko minne kila moja. Sukuma, usivute.

4. Mifuko ikipangwa isizidi 8 kwenda juu. Kurusha juu ya bega hapana.

5. Kila saa dakika 10 za maji, na walio juu ya lori wabadilishane na wa chini.

Njooni na buti, si kandambili (mnajijua). Glovu nitaleta. Mkanda wa kiunoni ruksa, ila haupunguzi kilo hata moja. Mwenye maumivu ya mgongo aniambie mapema, atahesabu mifuko kwa malipo yaleyale.

Jibuni NIPO au SIPO kabla ya Ijumaa saa 12 jioni. Tukiwa chini ya 10, natafuta wa kuongeza.