Risala ya walimu kwa mgeni rasmi, siku ya kufunga mwaka wa shule, Goma

Mheshimiwa mgeni rasmi, Baba Promota mwenye shule yetu, Mama Prefe mkuu wetu wa shule, wazazi, walimu wenzetu, na ninyi wanafunzi mliopanga viti hivi tangu saa kumi na mbili asubuhi, karibuni.

Mheshimiwa, ndani ya kabati la Mama Prefe kuna kitabu chenye jalada la bluu. Ni mpango wa miaka mitano wa shule yetu ya binafsi, tulioumaliza mwanzoni mwa 2019. Tuliuandika miezi saba, tukapiga nao picha, tukala kuku. Ulisema watoto wa shule ya msingi wataongezeka kila mwaka. Mwaka haujaisha, masomo ya msingi yakawa bure katika shule za serikali, na mzazi mwenye watoto wanne akapiga hesabu yake. Hatumlaumu. Machi 2020 Korona ikafunga shule nchi nzima. Tarehe 22 Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ikatema moto, na siku tano baadaye wengi wetu tulikuwa njiani kuelekea Sake, godoro kichwani. Ya Januari 2025, vita vilipoingia mjini, hatuna haja ya kuwasimulia. Benki zilipofunga milango, minervali, yaani ada ya shule, iliyokuwa inaletwa kwa karatasi ya benki ikabidi ije kwa simu. Kitabu cha bluu hakikuwa na habari na lolote kati ya hayo.

Sasa tunapanga kwa trimesta, muhula kwa muhula. Karatasi moja, imeandikwa kwa mkono, imebandikwa katika chumba cha walimu: mambo matatu, nani anayashika, na tutajuaje kama yamekwenda. Kila baada ya wiki mbili, siku ya Ijumaa, tunasimama mbele yake dakika ishirini. Tunasimama kweli, maana mwalimu akishakaa haishi kusema. Lisilokwenda linakatwa kwa kalamu nyekundu, hata likiwa wazo la Baba Promota. Masomo ya kompyuta ya Jumamosi yalikatwa hivyo baada ya wiki sita: umeme ulikuwa unakuja na kuondoka, na watoto kumi na wawili walikuwa wanagombea mashine moja. Baba, utusamehe. Katika kitabu cha bluu yangekaa miaka mitano, pamoja na deni lake.

Lililobaki ni la kusoma. Mwalimu wa darasa la tatu alimsikia mtoto akisoma neno la Kifaransa «lac», yaani ziwa, bila kukwama. Akamuuliza, lac iko wapi? Mtoto akatazama dari. Dirishani kwake Kivu ilikuwa inang'aa. Siku iliyofuata tulianza kuwapanga watoto kwa uwezo wao wa kusoma, bila kujali darasa, nusu saa kila asubuhi, kwanza kwa Kiswahili, kisha kwa Kifaransa. Trimesta ya kwanza makundi yalikuwa makubwa mno, tukayagawa. Ya pili, wakubwa waliona haya kukaa na wadogo, tukawapa kazi ya kuwasomea wadogo hadithi. Yule mtoto sasa anabishana na mwalimu wake.

Wazazi wengine wanatuambia tunawajaribia watoto wao. Neno hilo lina haki yake. Ndiyo sababu programu ya taifa hatuigusi, na darasa linalojiandaa kwa Eksetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, haliingii katika majaribio yetu. Nje ya hapo, kungoja miaka mitano ili kukubali kosa ni jaribio pia, tena la ghali.

Ombi letu kwako, mheshimiwa, si jengo. Unasikilizwa na mapromota wa mji huu. Waombe wawaachie walimu wao waje kuona karatasi yetu, nasi twende kuona za kwao, kwa sababu shule za binafsi hapa tunafichana mawazo kama tunafichana wateja. Kwa Baba Promota tunaomba zile dakika ishirini zihesabiwe kazi.

Kabla ya chakula, mheshimiwa, tunakuomba upite chumba cha walimu. Jambo la tatu kwenye karatasi linatutia mashaka, na kalamu nyekundu tumekuwekea.