Barua ya wazi kwa Waziri mwenye dhamana ya barabara Zanzibar: matuta ya Jozani

Mheshimiwa Waziri,

Assalamu alaykum. Tunakuandikia kuhusu kipande cha barabara ya kusini kinachopita msitu wa hifadhi wa Jozani na kijiji cha Pete. Hapo kima punju, yaani kima wekundu wa Zanzibar, hutoka msituni kwenda mashambani kula majani machanga ya miembe na miti ya mikungu. Majani hayo yana sumu ya kiasi, na wao hutafuna mkaa wa visiki vilivyoungua au wa matanuri ya zamani ili kuituliza. Kisha hurudi, na barabara iko katikati.

Kwa asili mnyama huyu yuko Unguja tu. Wachache walihamishiwa msitu wa Ngezi, Pemba, miaka ya 1970. Hesabu iliyochapishwa 2019 ilikadiria zaidi ya 5,800. Si wengi, na jike huzaa mtoto mmoja kwa mzao.

Matuta ya kupunguza kasi ya gari yanasaidia, hilo halina ubishi. Kabla hayajawekwa, kima mmoja alikuwa akigongwa kila wiki 2 hadi 3. Baadaye ikawa mmoja kila wiki 6 hivi. Na hao ni wale wanaoonekana, maana aliyejeruhiwa akaenda kufia kichakani hahesabiwi.

Tatizo ni nafasi baina ya tuta na tuta. Ikiwa kubwa, dereva hupunguza, huvuka, kisha hukanyaga mafuta. Kima nao hawavuki kwa pamoja. Watatu wanne hupita mbio, dereva anadhani wamekwisha, anaondoa gari. Nyuma yao anatoka mama, mtoto kamshika tumboni. Hapo wanakufa wawili.

Kwa hiyo tunaomba matuta yafuatane kwa karibu katika kipande chote wanachovukia, si mbele ya lango la hifadhi pekee, na yapakwe rangi inayoonekana tangu mbali. Kila lami inapotiwa upya, matuta yaandikwe ndani ya mkataba wa mkandarasi tangu mwanzo, yajengwe kabla gari hazijaruhusiwa kupita. Wanaofyeka kando ya barabara wayaache matawi yanayogusana juu yake, kwani kima anayepita juu hagongwi. Na gari za watalii zikatazwe kusimama barabarani kupiga picha: kima aliyezoea gari haikimbii.

Tunaomba mafundi wako waje waipime nafasi hiyo kwa futi, tuta kwa tuta, asubuhi au alasiri, kima wanapovuka.

Wasalaam,
Wafuatiliaji wa kima punju, Unguja