Barua ya wazi: Mheshimiwa, majibu ya maji yetu yako wapi?

Mheshimiwa,

Nakusalimu kwa jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Itifaki imezingatiwa. Sikutaji jina wala cheo, maana sitaki kuitwa mchochezi, lakini waliokuwepo siku ile uwanja wa shule wanakujua, na wewe mwenyewe unajijua. Kwa umri ningekuita mwanangu.

Naandika kwa sababu juzi usiku ukuta wa bwawa la majitope, yaani la kutunzia tope la sumu linalotoka mtamboni, umebomoka tena. Mtambo ule ule wa kuchenjulia dhahabu, upande ule ule wa kisima. Asubuhi tumekuta tope la kijivu limeshuka hadi kwenye njia ya maji, na msimamizi wa zamu anatuambia eti ni mvua tu. Mvua ya huku nyanda za Lupa tunaijua rangi yake, Mheshimiwa. Haijawahi kuwa ya kijivu.

Nikukumbushe mara ya kwanza, labda kazi ni nyingi umesahau. Mbuzi wangu wanne walikunywa kwenye dimbwi lililobaki chini ya ule ukuta, na jua halijapanda vizuri wote walikuwa chini. Sijui kilichowaua, mimi si mkemia. Ulikuja na msafara. Mkarusha ile ndege ndogo isiyo na rubani, ikapaa vizuri sana, watoto wakaishangilia, ukasema sasa ukaguzi wa mazingira ni wa kidijitali. Vijana wako wakachota maji kisimani, mtoni na kwenye dimbwi, wakayatia kwenye chupa zilizokuwa na maji yao ya kunywa, wakaziweka nyuma ya gari, juani. Ukashika kipaza sauti: ndani ya wiki mbili mtapata majibu, Serikali yenu ni sikivu. Tukapiga makofi. Wali na kuku wa msafara nilipika mimi. (Hela yake bado, lakini hiyo siyo barua ya leo.)

Wiki mbili zako zimekuwa ndefu, Mheshimiwa. Masika imekwisha, kiangazi kimepita, mvua zimerudi, na ukuta umerudi kuanguka.

Usidhani kwa kuwa ni mama ntilie sielewi. Genge langu liko kati ya makarasha, mashine za kusaga mawe ya dhahabu, na mialo ya kuoshea huo unga, vijana wa mitambo wanakula kwangu, na mtu akishiba huongea. Nimewasikia wakisema kwamba maji ya kupimwa sayanaidi, ile sumu ya kuyeyushia dhahabu mtamboni, hayachotwi kienyeji. Yanatiwa kostiki soda ili sumu isipotee kwa mvuke, yanakaa baridi na gizani, na hata hivyo yanatakiwa kupimwa ndani ya siku 14. Sasa zile chupa zilizokaa juani zilipima nini? Au hazikufika maabara kabisa? Ofisi ya kanda ya Mkemia Mkuu wa Serikali iko Mbeya mjini hapo, siyo ng'ambo.

Tena sayanaidi ndiyo mnayoisemea sana, kwa kuwa inaua papo hapo na mbuzi wanaonekana. Mimi inayonikosesha usingizi ni zebaki. Pale mwaloni zebaki inakamata dhahabu, inakamuliwa kwenye kitambaa, inachomwa kwa moto, mara nyingi wazi tu na watoto wamesimama pembeni, wakati kifaa cha kunasia ule mvuke kipo na kimeshahubiriwa kwenye semina. Lakini si zebaki yote inayorudi kwenye kitambaa. Nyingine inabaki kwenye marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa. Marudio yanarundikwa, mwenye mtambo anakuja kuyanunua kwa tani, anayatia kwenye matenki ya sayanaidi akombe dhahabu iliyosalia. Na sayanaidi haichagui, inayeyusha na zebaki pia. Kisha vyote viwili vinaishia kwenye lile bwawa lenye ukuta wa udongo.

Hili si la kutunga kwangu. Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020, unalitaja kabisa miongoni mwa mambo ya kukomeshwa: kutia sayanaidi kwenye marudio yenye zebaki kabla ya kuitoa hiyo zebaki. Nchi imetia saini, na lori la marudio limepita mbele ya genge langu leo asubuhi.

Yakimwagika yanakwenda wapi? Kijito kinaingia Mto Lupa, Lupa unaingia Ziwa Rukwa, na Rukwa halina mto unaotoka. Kinachoingia kinakaa. Zebaki ikitulia kwenye tope la ziwa, vijidudu huigeuza ikawa ya aina inayoingia mwilini mwa samaki, ile ile iliyowalemaza watu wa Minamata kule Japani miaka ya 1950. Mimi samaki ninaokaanga ni wa Rukwa.

Kwa nini ukuta unabomoka? Mmoja anasema chini hapakutandikwa ile nailoni nzito, maji yananyonya udongo mpaka unalegea. Mwingine anasema bwawa limejazwa hadi mdomoni, halikuachiwa nafasi ya mvua. Mimi nadhani ni yote mawili, na la tatu nisilotaka kuliandika, linalohusu bahasha. Droni yenu iliona juu. Chini hakuna aliyeangalia, maana hata kile kisima kidogo cha kupimia maji ya ardhini pembeni ya bwawa sijawahi kukiona.

Mwenye mtambo alituma vijana wake na shilingi elfu hamsini kwa kila mbuzi, kreti ya soda, na karatasi ya kusaini kwamba sina dai lolote tena, leo wala baadaye. Soda walikunywa wenyewe. Sikusaini.

Tangu hapo maji nanunua ya bodaboda, dumu baada ya dumu, na wakati wa kiangazi bei anapanga yeye. Kupika, kuosha vyombo, kunawa wateja, vyote kwa maji ya kununua. Wali nimepandisha bei, wateja wamenuna. Wengine wananiuliza kabla hawajakaa: mama, haya maji ni ya wapi? Nikisema nanunua hawaamini, wanahamia genge la juu. Mjukuu wangu ana vipele mikononi, zahanati wamempa mafuta ya kupaka wakaniuliza anaoga maji gani. Nijibu nini? Mwenye majibu ni wewe.

Mwadui, kwenye mgodi wa almasi, walijua bwawa la majitope limepasuka tarehe 7 Novemba 2022 pale tope lilipofika mashambani na kwenye nyumba. Jirani zetu Zambia, Februari 2025, bwawa la mgodi wa shaba kule Chambishi lilimwaga maji yenye asidi hadi Mto Kafue, mji wa Kitwe ukakatiwa maji. Kule walau walikatiwa, wakajua. Sisi kisima chetu hakijafungwa wala hakijaruhusiwa. Wasio na hela ya dumu wanachota.

Tangu soko la madini Chunya lifunguliwe mwaka 2019, dhahabu inapimwa hadi pointi za gramu, mrabaha unakatwa na ada ya ukaguzi inakatwa, hapo hapo, risiti unapewa. Mzani upo, umeme upo, mtaalamu yupo. Ni maji tu ndiyo hayapimiki.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inasema nina haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na haki ya kupata taarifa za mazingira. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inasema mwombaji ajibiwe ndani ya siku 30. Barua yangu ya kwanza ya kuyaomba majibu haya ilipokelewa kwa muhuri, nakala ninayo.

Nilitaka kukuomba mengi: mtambo usimamishwe, bwawa lichimbwe upya, marudio yapimwe zebaki kabla ya kuingia tenkini, tuchimbiwe kisima kingine mbali na pale. Najua utaniambia bajeti, najua utaniambia mchakato. Basi hayo yaache kwanza. Naomba majibu ya vipimo. Majibu tu, Mheshimiwa. Karatasi moja, ibandikwe ofisi ya kijiji kila mtu asome. Kama maji ni salama, iandikwe ni salama, na aliyepima aweke jina lake. Kama yana sumu, iandikwe ni sumu gani na kiasi gani. Na kama hayakupimwa, iandikwe hivyo hivyo kwamba hayakupimwa, upige muhuri.

Kazi iendelee.

Wako mtiifu,
Mama ntilie wa makarashani