Mashine isikilize rufaa, mwamuzi aendelee kuamua

Mhariri,

Mwandishi wenu wa michezo ameandika kwamba ligi kuu ya besiboli ya Marekani imeishia njiani: kama kamera zinajua straiki ni ipi, basi mwamuzi anyang'anywe kabisa kazi ya kuziita. Mimi ni mama wa mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji kuudaka mpira wa mrushaji, naishi Louisville, Kentucky, na nasema ligi imepatia kuishia hapo.

Kwa wasioufuata mchezo huu: mpigaji asipoupiga mpira, lazima mtu aseme ulipita ndani ya eneo la straiki, ikawa straiki, au nje, ikawa boli. Straiki tatu, katoka. Boli nne, anakwenda bure hadi kituo cha kwanza. Eneo hilo halijachorwa popote. Upana wake ni ule wa kibao cha nyumbani, kile kilicholazwa chini kando ya mpigaji, inchi 17, na kimo chake kinafuata mwili wa mpigaji. Kuanzia msimu wa 2026 mwamuzi anaita kama zamani, ila mrushaji, mdakaji au mpigaji akiona kaonewa, anagusa kofia yake papo hapo kukata rufaa. Kocha haruhusiwi kumnong'oneza. Kamera 12 zimeufuata mpira, jibu linatokea kwenye skrini uwanja mzima ukiona. Kila timu ina rufaa mbili kwa mechi. Ukishinda, rufaa yako inabaki.

Huku Louisville tumeziona njia zote mbili. Timu yetu, Bats, inacheza Triple-A, ngazi moja chini ya ligi kuu. Mwaka 2023 mechi za katikati ya wiki ziliamuliwa na mashine mpira kwa mpira, za mwisho wa wiki kwa rufaa. Siku za mashine, mwamuzi alisikilizia jibu sikioni kisha akalitangaza. Mdakaji hakuwa na kazi zaidi ya kudaka. Ile sanaa ya kuupokea mpira wa ukingoni kwa glavu iliyotulia, usionekane umetoka nje, haikumfaa mtu. Mwanangu anaifanyia mazoezi kwenye ukuta wa nyuma ya nyumba hadi rangi imebanduka, na mimi sijamkataza. Siku za rufaa mambo yalikuwa mengine kabisa: mtu akigusa kofia, watu wote macho kwenye skrini, hata wauza soda. Katikati ya 2024 Triple-A yenyewe iliachana na mashine ya kuita kila mpira, ikabaki na rufaa.

Sitetei uonevu. Oktoba 12, 1997, kule Miami, mwamuzi Eric Gregg aliita straiki mipira iliyopita mbali kabisa na kibao. Liván Hernández, mrushaji wa timu ya Marlins, akawatoa kwa straiki wapigaji wa Atlanta Braves mara 15, nao hawakuwa na pa kulalamikia. Leo wangekuwa napo. Mpigaji mrefu kama Aaron Judge, futi 6 na inchi 7, na mfupi kama José Altuve, futi 5 na inchi 6, kila mmoja anapimiwa kimo chake: mstari wa chini wa eneo uko asilimia 27 ya urefu wake, wa juu asilimia 53.5. Hilo jicho la mtu haliwezi, na ndipo mashine inapostahili kuitwa.

Tena rufaa imempa mdakaji kazi mpya. Kwenye majaribio ya mechi za maandalizi za 2025, wadakaji walishinda rufaa zao kwa kiwango cha juu kuliko wapigaji, na kuwapita mbali warushaji. Ndio wanaouona mpira hadi unaingia kwenye glavu.

Mwandishi wenu hakugusa jambo moja. Viwanja anavyochezea mwanangu havina kamera hata moja. Waamuzi wake ni walimu na wazazi wanaojifunza kwa kuwatazama waamuzi wa juu. Hao wa juu wakigeuzwa kuwa wasemaji wa mashine, hawa wa shuleni watamtazama nani? Ningependa anijibu kwenye safu yake.

Mama Baraka,
Louisville, Marekani